Aliyefunga Hakagui

Kambi ya mkonge, Korogwe
Jumamosi, 11 Januari 2025

Mdogo wangu Leticia,

Leo ni tarehe kumi na moja Januari, na ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nipande basi stendi ya Songea ukiwa umenishikia mfuko wa mihogo. Nimeanza na hesabu hiyo ili ujue sijaipoteza, ingawa huku siku zinafanana kama majani ya mkonge.

Mimi mzima. Kazi ni ileile. Tunaingia shambani kabla jua halijawa kali, tunakata majani, tunafunga mafungu, tunayabeba hadi barabarani. Utomvu unawasha, miiba inachoma. Babu yetu alikuja kukata mkonge hukuhuku Tanga, akarudi Ungoni na baiskeli. Mimi sijui nitarudi na nini, lakini hilo si la leo.

La leo ni hili. Shangazi Kunegunda alinipigia Jumapili kwenye simu ya Daimu, huyu Myao wa Tunduru ninayelala naye chumba kimoja. Simu ya Daimu haina siri, ukiongea kambi yote inasikia. Shangazi akasema, "Aidan, mdogo wako haonekani nyumbani. Kutwa yuko Mfaranyaki kwa mzee mmoja, wanatengeneza ndege." Chumba kizima kilicheka. Daimu akasema wakimaliza watupitie hapa, tumechoka na mabasi. Nami nilicheka ili yapite, lakini usingizi haukuja vizuri.

Ndiyo maana naandika. Kwenye barua angalau hakuna anayechungulia.

Mimi niliishia kidato cha pili baba alipofariki, na sikumlaumu wala simlaumu mtu. Wewe umemaliza cha sita na fizikia yako nzuri, na chuo cha ualimu kimekuita uripoti mwezi wa saba. Mwalimu wa fizikia hakosi kazi nchi hii. Ndicho ninachokitolea jasho. Sasa niambie bila kunizungusha: huyo mzee ni nani, anataka nini kwako, na mnafanya kazi gani hasa? Usinijibu kwa simu ya Daimu.

Kaka yako,
Aidan


Mjimwema, Songea
2 Februari 2025

Shikamoo kaka,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na Shangazi naye kaisoma ingawa si yake. Nakujibu kama ulivyoniuliza.

Mwezi wa kumi na moja nilipeleka unga wa Shangazi Ruhuwiko, karibu na uwanja wa ndege. Ndege ya Dar ilikuwa inatua. Kwenye uzio alisimama mzee mwenye kofia ya kufuma, kainamisha kichwa anasikiliza. Akasema kama anajiambia, "Huyu kaingia na mwendo mwingi. Atakanyaga breki mpaka ziungue." Kweli, ndege ilikwenda karibu na mwisho wa njia ndipo ikageuka.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Wewe umeona nini?" Nikasema nimeona vipande vya nyuma ya mabawa vikishuka. "Vinashuka ili iweje?" Nikabahatisha kwamba ni vya kukinga upepo, kama breki. Akasema, "Umekosea nusu, lakini umekosea kwa kufikiri. Njoo Mfaranyaki Jumatatu saa mbili."

Anaitwa Mzee Muhsini. Ni mtu wa Tunduru, mke wake marehemu alikuwa wa hapa mjini. Alisomea uhandisi wa ndege Ulaya Mashariki enzi hizo, akafanya kazi miaka mingi kwenye karakana za ndege, Dar na nje. Sasa kastaafu, ana banda nyuma ya nyumba yake. Nilimwomba anifundishe akanirudisha mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu nilichelewa. Mara ya pili aliniuliza kama mbao mbili zinalingana urefu, nikasema, "Karibu sawa." Akaniambia nirudi nyumbani nikatafakari hilo neno karibu.

Tunatengeneza ndege ndogo isiyo na mtu ndani, inayoongozwa kwa rimoti kutoka chini. Mbavu za mabawa ni za mianzi hii hii ya kugema ulanzi. Inatakiwa ibebe chupa ya dawa, izunguke, itue bila kuivunja. Kwa kazi hiyo ananifundisha yote: kwa nini bawa linanyanyua, uzito ukae wapi, chuma kinachoka vipi. Kaka, chuma kinachoka, usicheke. Kinakunjwa kidogo kidogo kila siku mpaka siku moja kinakatika bila kosa lolote jipya.

Ana sheria moja isiyovunjwa: aliyefunga hakagui. Mimi nikifunga skrubu, yeye ndiye anaikagua. Yeye akifunga, mimi nakagua. Anasema jicho la aliyefunga huona alichokusudia kufanya, halioni alichofanya. Kwenye karakana za ndege zote ni hivyo, hata fundi awe mkubwa kiasi gani. Akisharidhika anaandika M kwa chaki pembeni ya kifaa. Hakagui kwa haraka. Anapapasa kila kitu kwa vidole taratibu, kama anasalimia.

Hataki kitu kwangu. Anataka niwahi.

Mdogo wako,
Leticia


Korogwe
20 Februari 2025

Leticia,

Nimekuelewa, na sijaridhika.

Hapo penye chuma kuchoka sikucheka. Nilimsomea Daimu, akasema huyo mzee angekuja huku akague watu.

Sheria yake ni nzuri. Huku pia hatujikagui. Msimamizi anapita kuangalia mafungu yetu, akiona majani mafupi anakataa fungu zima. Tofauti ni kwamba huyu anakagua ili atukate malipo, na huyo wako anakagua ili kitu kisianguke.

Lakini binti kushinda bandani na mzee asiye ndugu, hapana, hata kama anasali mara tano. Simtuhumu. Najua maneno ya Mjimwema yanavyotembea. Shangazi aende akae hapo kila siku mnayofanya kazi. Abebe maharage yake akachambulie huko. Akikataa, kazi imekwisha.

Na mwezi wa saba ni chuo cha ualimu. Ndege ni ya kusubiria tu.

Leo nimechoka, mkono hauandiki tena.

Aidan


Mjimwema, Songea
23 Machi 2025

Shikamoo kaka,

Shangazi alikwenda siku ya kwanza kanuna, na kiti chake kichwani. Sasa ndiye anayenihimiza tusichelewe. Kakaa mlangoni na ungo wake, anachambua maharage na kumchambua mzee.

Juzi kamwambia, "Mzee, hicho kitu kikiangukia paa la mtu, nani atakwenda kwa mwenyekiti?"

Mzee akasema, "Wewe, Bibi Kunegunda. Mimi nitakuwa nakunywa chai."

"Chai yenyewe unamwagia kwenye sahani."

"Wangoni nao, hata sahani wanaionea wivu."

Basi utani wao ni hivyo hivyo mpaka jioni.

Kazi inakwenda. Mabawa yamekwisha, tumeyavisha plastiki laini. Mkia ndio unaotusumbua. Kuna kibawa kidogo cha mkiani kinachopanda na kushuka ili pua ya ndege iinuke au iiname. Kinasukumwa na waya, na waya umeshikwa na kipini kidogo ndani kabisa ya mkia, mahali ambapo kidole hakifiki, mpaka umulike kwa tochi. Kipini kikishaingia lazima ncha yake ikunjwe kisichomoke.

Sasa sikiliza. Mzee ana mwanafunzi wake wa zamani, Mhandisi Hilda, yuko Dar kwenye karakana ya ndege kubwa. Anakuja Songea katikati ya mwezi wa saba kuiona ndege yetu ikiruka. Akiridhika atanichukua kama mwanafunzi wa karakana, nifanye kazi na kusoma hapohapo mpaka niwe mhandisi wa ndege. Najua umesema ualimu. Chuo kinafunguliwa siku mbili kabla ya Hilda kufika. Sijaamua lolote bila wewe, nakuambia tu.

Mimi siku hizi nawahi zaidi bandani. Kila nilichofunga napitia kwanza mwenyewe, kila kipande, kabla hajakikagua, nimpunguzie mzee kazi. Umri nao. Na vipimo naandika kwa herufi kubwa, anapenda hivyo.

Hujaniambia kuhusu mgongo wako. Shangazi anasema uliulalamikia.

Leticia


Mfaranyaki, Songea
16 Aprili 2025

Kwa kijana wangu Aidan,

Assalaam alaykum. Hatujaonana, lakini nimekula maharage ya nyumbani kwenu kiasi cha kukuita kijana wangu. Mwandiko huu ni wa shangazi yako. Mimi nasema, yeye anaandika. (Ni mimi Kunegunda. Ameniapisha nisimwambie Leticia. Sijawahi kuapishwa na mtu asiye padri.)

Jumamosi tuliirusha ndege kwenye uwanja wa Mjimwema. Iliinuka vizuri sana. Ilizunguka mara moja, kisha ikainamisha pua ikaenda chini kama jiwe, kwenye mahindi ya jirani. Hakuna aliyeumia. Bawa moja limevunjika na mkia umepasuka. (Mahindi nimeyaombea radhi mimi.)

Tuliifungua. Kipini cha mkiani kilichomoka. Kiliingizwa, hakikukunjwa. Leticia ndiye aliyekifunga. Mimi ndiye niliyekikagua nikaweka alama yangu.

Aidan, mimi sikukiona kile kipini. Nina presha ya macho, inakula kuona kwangu kutoka pembeni kuja katikati. Daktari amesema kilichokwenda hakirudi. Nimebaki na tundu dogo katikati, na lenyewe lina ukungu. Kwa vidole naweza kukagua mengi, na kwa sikio mengine. Kile hakifikiki kwa kidole. Nilimulika tochi, nikaona mwanga. Nikasema huyu binti hajawahi kunikosea, nikaandika M.

Katika kazi yetu hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Kusahau ni ubinadamu, ndiyo maana kuna mkaguzi. Mkaguzi anayeweka alama kwa kitu asichokiona huyo ni mwongo, na nimekuwa mwongo kwa mtoto aliyeniamini.

Yeye anajilaumu. Haji tena bandani tangu Jumamosi. Nami sina ujasiri wa kumwambia. Nikimwambia sioni, atajua kila alama niliyoweka ilikuwa nusu kubahatisha, na yote niliyomfundisha yataoza mkononi mwake.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliye mahali pa baba yake: mwambie aende kwenye ualimu. Aseme ni amri yako. Hilda nitamwandikia kwamba ndege imevunjika na mambo yamekwisha. Usimwambie Leticia habari za macho yangu. Nakuomba hilo kwa heshima.

Muhsini

(Aidan, baba, nimeandika kama alivyosema. Aliposema mwongo alijifuta macho, akaniambia ni vumbi. Mimi shangazi yako.)


Mjimwema, Songea
Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Shikamoo kaka,

Ndege ilianguka Jumamosi. Kosa ni langu. Nilisahau kukunja ncha ya kipini kimoja. Kitu cha sekunde moja.

Lakini si hilo tu, na hili sijamwambia mtu, hata Shangazi. Mzee Muhsini haoni. Anaona kidogo sana. Nilijua tangu mwezi wa pili, siku alipotafuta bisibisi iliyokuwa mbele yake mezani, akapapasa pembeni yake, kisha akasema, "Aa, leo nitatumia koleo." Baada ya hapo nikaona mengi. Nilinyamaza. Angejua nimejua, angefunga banda. Ana nini tena zaidi ya lile banda?

Basi nikawa nakagua kazi yangu mwenyewe, kila kitu, ili akija yeye akute kila kitu ni sawa na alama yake isiwe uongo. Nilikuandikia kwamba nampunguzia kazi. Nilikuwa namkagulia. Kipini kile nilikimulika mwenyewe kwa tochi, kaka, na nikakiona kimekunjwa. Naapa nilikiona kimekunjwa. Hakikuwa kimekunjwa.

Alinifundisha siku ya kwanza kwamba jicho la aliyefunga huona alichokusudia. Nikalijibu vizuri kama swali la mtihani, kisha nikafanya kinyume chake wiki kwa wiki nikidhani ni wema.

Alipokiona kipini, yaani alipokishika, hakunigombeza. Alisema tu, "Alama ni yangu." Nilikimbia.

Nimechoka. Nimefikiri, nitakwenda kwenye ualimu kama ulivyotaka tangu mwanzo. Usije ukamwambia mzee kwamba nilijua habari za macho yake. Itamuua. Mwambie wewe ndiye uliyenikataza kurudi.

Leticia


Korogwe
Jumapili, 4 Mei 2025

Shangazi Kunegunda, shikamoo.

Barua hii ni ya watu wawili. Nakuomba uwakalishe Mzee Muhsini na Leticia bandani, uisome kwa sauti, usiruke neno. Wakitaka kuondoka kaa mlangoni na kiti chako.

Mzee wangu, shikamoo. Leticia, mdogo wangu.

Barua zenu zilinifikia kwa posta siku moja. Nilizisoma nikiwa nimekaa juu ya mafungu ya mkonge, na nikazisoma tena kwa kuwa nilidhani jua limenipanda kichwani. Kila mmoja ananiomba nimfiche mwenzake jambo lilelile. Mmenipa mzigo wa watu wawili, na mimi wangu tu unanishinda. Nautua hapa.

Mzee, Leticia anajua huoni. Anajua tangu mwezi wa pili.

Leticia, mzee aliweka alama bila kuona, naye anajua hivyo, na kamwomba Shangazi aandike kwa sababu hawezi kuandika mwenyewe.

Wewe ulimficha ili asifunge banda. Yeye alikuficha ili usiache kumwamini. Matokeo yake kipini kile hakikukaguliwa na mtu. Kilikuwa na alama ya mzee na macho ya Leticia, na hakuna aliyekikagua. Mimi ni mtu wa kidato cha pili, sheria yenu nimeijulia kwenye barua, lakini naona hapo ndipo ndege ilipoangukia, si kwenye mahindi.

Sikasiriki. Sina nguvu za kukasirika. Nimeyaona haya kambini. Watu wawili wanabeba gogo, kila mmoja anamwonea huruma mwenzake, kila mmoja analegeza akidhani mwenzake kashika, gogo linawaangukia miguuni wote.

Sasa la ualimu. Wote wawili mnanipa nilichokuwa nakidai tangu Januari. Mzee anasema aende, Leticia anasema nakwenda. Nilitakiwa nifurahi. Nimekaa nacho wiki nzima na hakinifurahishi. Ningependa uwe mwalimu, Leticia, ungekuwa unataka kufundisha. Kwenda kujificha mbele ya watoto wa watu kwa sababu ya kipini, hapana. Watoto wanajua mwalimu aliyekuja kujificha. Mimi nilifundishwa na mmoja.

Mzee, kumpeleka Leticia ualimuni ili asikuone ulivyo, huko ni kumwachisha kazi kwa kosa lako. Nisamehe, nasema kama nilivyofikiri. Ungekuwa hapa ningeinamisha uso nikisema.

Amri yangu mmeiomba, basi hii hapa. Ambianeni mbele ya Shangazi yale mliyoniambia mimi. Kisha amueni wenyewe. Mkiamua kuacha, mwache mkijua mnaacha nini.

Aidan


Mjimwema, Songea
20 Mei 2025

Shikamoo kaka,

Shangazi aliisoma. Hakuruka neno, hata pale ulipomwambia akae mlangoni. Alikaa kweli.

Alipofika pale pa mimi kujua, mzee alisema, "Bibi, rudia hapo." Shangazi akarudia. Mzee akavua kofia akaiweka magotini.

"Tangu mwezi wa pili?"

"Ndiyo, mzee. Siku ya bisibisi."

"Ile niliyosema natumia koleo."

"Ndiyo."

Akaipapasa kofia. Kisha akasema, "Nami nilikuwa najua unapitia kazi kabla yangu. Nilikuwa nikipapasa nakuta vyombo vimehama. Nikajiambia mtoto ana bidii. Nilitaka iwe bidii."

Shangazi akafunga barua akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii mimi ndiye niliyekaa hapa nimekodoa macho, na hakuna aliyenituma kuangalia kitu." Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nililia kidogo, kisha nikaenda kufungua mkia.

Siku iliyofuata mzee alimpigia Mhandisi Hilda, akaweka simu mezani tusikie. Alimwambia yote, macho, alama, kipini, bila kujipamba. Hilda alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mzee, sasa nani anakagua?"

Mzee akasema, "Hakuna."

Hilda akasema atakuja tarehe kumi na sita Julai kama alivyopanga. Kuanguka hakumsumbui, alisema ndege zake za kwanza ziliota mizizi ardhini. Lakini hatagusa wala kuangalia ndege iliyokaguliwa na aliyeifunga. "Sihitaji mtaalamu. Leteni mtu ambaye hakuifunga, anayeweza kufuata maelekezo ya mzee hatua kwa hatua, na kusema hapana. Mkikosa, nitakuja kukusalimia mzee, ninywe chai, nirudi Dar."

Kaka, mtu huyo hatuna. Tulimjaribu Shangazi. Kila ninachomwonyesha anasema kizuri. Nilimwachia makusudi skrubu nusu, akasema nayo nzuri, mikono ya mtoto wake. Wenzangu wa shule wametawanyika, na vijana wa hapa jirani wanaiona ni ya kuchezea.

Tumekwisha kuunda mkia mpya. Upo mezani, hauna alama. Mzee ananifundisha asubuhi, sasa ananiambia, "Niongoze," nami namshika kidole nakipeleka. Hasemi tena kwamba ameona.

Chuo cha ualimu kinataka nithibitishe kabla ya mwisho wa Juni. Kikifunguliwa tarehe kumi na nne, siwezi kuwa kote kuwili. Nithibitishe? Nikiacha, na ndege ikakosa mkaguzi, nitabaki sina hiki wala kile, na miaka yako ya mkonge itakuwa imekwenda na mimi.

Niambie ukweli kuhusu mgongo.

Leticia


Korogwe
Jumapili, 8 Juni 2025

Leticia, mdogo wangu,

Usithibitishe. Nimeandika hilo kwanza ili lisije likanishinda mbele huko. Waandikie kwamba hutakwenda, mtoto mwingine apate nafasi.

Umeniuliza mgongo. Tangu Desemba sikati mkonge. Siku moja niliinama kuchukua fungu, sikuinuka. Wakanihamishia kwenye kamba za kuanika, nageuza singa, zile nyuzi za mkonge, zikauke, kazi ya kina mama na wazee. Nilikuwa nakuandikia mimi mzima, kazi ni ileile. Wewe na mzee niliwasema kama padri mimbarani, na mimi mwenyewe hivyo.

Kwa hiyo nisijifanye shujaa. Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini mwezi huu, na msimamizi amekwisha kuniambia hatanirudisha. Hakuniambia kwa ubaya. Aliniangalia ninavyotembea, akasema, "Mngoni, nenda nyumbani." Ningekuwa mzima ningeongeza mwaka mwingine, ningekuwa naamini bado kwamba nakusaidia kwa kukaa mbali.

Mnatafuta mtu ambaye hakuifunga. Mimi sikuifunga. Sijawahi hata kuiona. Kuhusu ndege sijui kitu, kwa hiyo mzee atanieleza pole pole kila hatua, natakiwa nione nini na nikiona kingine niseme nini. Nitakuwa mzito. Nitauliza jambo moja mara tatu na wewe utakasirika, nakujua. Kusimama muda mrefu siwezi, mniwekee kiti. Kukaa na tochi nikaangalia kipini mpaka niridhike, hilo naliweza.

La kusema hapana msiwe na wasiwasi. Nimeambiwa hapana na wasimamizi karibu miaka miwili, najua inavyosemwa. Nami nakupenda, lakini nimechoka, na mtu aliyechoka haoni haya. Usipokunja ncha nitakurudisha uikunje hata Hilda awe ameshika mlango wa gari. Alama yangu iwe A. Kama sijaona, nitasema sijaona, mbele ya wote.

Sijui kama Hilda atakuchukua. Inaweza kuruka vizuri na bado akasema bado. Basi tutakuwa wawili nyumbani tusio na kazi, na Shangazi atatuchambua pamoja na maharage. Hilo nimelipima, nalibeba.

Msiirushe kabla sijafika.

Nitapanda basi la Dar Alhamisi tarehe tatu Julai, nilale Dar kwa binamu yake Daimu, nipande la Songea Ijumaa alfajiri. Likichelewa njiani, mtanikuta stendi asubuhi. Nitegemeeni Jumamosi tarehe tano Julai.

Kaka yako,
Aidan